Probox, Suzuki Every au HiAce: gari lipi la kuishi ndani yake Malindi kwa kipato kidogo

Mtu anayefikiria kuachana na kodi ya nyumba na kuishi ndani ya gari mwaka mzima huanza, mara nyingi, kwa kuuliza gari lipi linaingiza kitanda. Malindi swali hilo haliji kwanza. Usiku wa Machi, kabla masika hayajaingia, joto haliteremki sana chini ya nyuzi 25, unyevu wa bahari hushika mpaka shuka, mbu wapo, na upepo wenye chumvi hula bati bila kuchagua msimu. Gari la kuishi hapa ni lile ambalo mtu anaweza kulala ndani yake likiwa wazi pande mbili, bila mbu na bila hofu, na ambalo sakafu yake bado itakuwa nzima baada ya kusi kadhaa kupita. Kitanda ni kazi ya seremala, naye huimaliza upesi. Njia ya hewa huja na gari lenyewe, na gari lisilokuwa nayo ni shida kulitengenezea kwa fedha chache.

Nalinganisha magari matatu kwa sababu ndiyo yanayoweza kufikiwa na mtu wa kipato cha kawaida, hasa yakiwa yametumika: Toyota Probox; kigari cha mizigo cha Kijapani cha cc 660, ambacho Suzuki Every ndiyo mfano wake ulio wazi; na Toyota HiAce, mara nyingi ile iliyokwisha kustaafu umatatu, yaani kazi ya kubeba abiria. Tuktuk, ingawa mji umejaa tuktuk, nimeiacha nje kwa kuwa haina ukuta wala urefu wa mtu mzima kujinyoosha. Msomaji ninayemlenga ni fundi wa friji, muuza nguo au mtu wa kazi kama hizo, ambaye riziki yake inamzungusha kati ya Malindi mjini, Mambrui, Gede, Watamu na pengine Marafa, naye yuko peke yake au na mwenzake mmoja.

Huyo nimemtaja kwa makusudi, kwa sababu kwa wengine wengi jibu la haki ni chumba. Gari hudai bima, tairi, breki, oili na betri hata kama halitembei sana, na bima ya kufidia mtu wa tatu ni lazima kisheria kwa kila gari linaloingia barabarani. Mtu ambaye kazi yake iko mahali pamoja, akaamua kuhamia garini ili aokoe kodi ya chumba kimoja cha mtaani Maweni au Barani, ataishi kwa dhiki zaidi na huenda mwisho wa mwezi akawa ametumia zaidi. Hesabu inageuka pale tu ambapo gari lingehitajika hata hivyo kwa ajili ya kazi. Hapo gharama zake zinabebwa na kazi, na kodi ya nyumba inayookolewa inabaki mfukoni kweli. Asiyekuwa katika hali hiyo namsihi asiuze kitanda chake bado.

Wa pili ambaye hili halimfai ni mwenye shughuli zake Lamu. Mji wa Kale wa Lamu, ambao UNESCO iliuorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, una vichochoro vya watu na punda, si barabara za magari. Gari linaishia Mokowe, upande wa bara, na mwenye gari anapanda boti. Atakuwa na nyumba Mokowe na kazi ng'ambo ya maji, na kila siku nauli ya boti kwenda na kurudi. Tena njia yenyewe ya kutoka Malindi kupitia Garsen imewahi kushuhudia mashambulizi, hasa kuanzia mwaka 2014, na ina vizuizi vya ukaguzi. Isafiriwe mchana, na kulala kando yake ndani ya gari ni jambo ambalo simshauri mtu yeyote, awe na gari la aina gani.

Nafasi ya ndani

Probox, viti vya nyuma vikilazwa, hutoa sakafu ya takriban mita 1.8 kwa urefu na sentimita 93 hivi kutoka sakafuni hadi paani. Urefu huo unamtosha mtu wa kimo cha wastani, hasa akisogeza viti vya mbele. Kimo cha paa ndicho kinachotesa. Ukitandika godoro la inchi nne unabaki na sentimita 83, na mtu mzima akiketi wima, kutoka makalio hadi utosi, huwa na kati ya sentimita 85 na 92. Maana yake ni kwamba hutaketi. Utavaa suruali ukiwa umelala, utakula umeinama, na mvua ya masika ikinyesha tangu alasiri utakaa umejikunja mpaka ilegee. Kwa usiku mmoja wa safari hilo ni jambo la kuvumilia. Kwa miezi, mgongo unakataa.

Every ni fupi barabarani kuliko Probox, kwani sheria ya Japani kwa magari ya daraja lake inayazuia yasizidi urefu wa mita 3.4 na upana wa mita 1.48, na bado ndani yake mna nafasi zaidi ya kuishi. Sababu ni kwamba injini imewekwa chini ya viti vya mbele, hivyo hakuna boneti inayokula urefu. Nyuma hupatikana sakafu ya mita 1.9, na paa liko mita 1.2 juu ya sakafu. Mtu anaketi juu ya godoro, anashona kifungo, anaandika hesabu zake, anapiga goti na kusali akiwa amekaa ikiwa nje kunanyesha. Tofauti ya karibu sentimita thelathini kati ya paa hili na lile la Probox, kwenye karatasi, inaonekana ndogo. Anayeishi humo anaiona kila saa.

HiAce, viti vikitolewa, ina sakafu ya karibu mita tatu kwa mita moja na nusu, na paa la kawaida liko mita 1.3 juu. Kitanda kinakaa nyuma kwa upana au kwa urefu, mbele yake panabaki mahali pa kabati, jiko na vyombo vya kazi, na watu wawili hawapandiani. Ni hii peke yake kati ya tatu ambayo ningeiita chumba. Kusimama wima, hata hivyo, huwezi, isipokuwa ukipata yenye paa la juu.

Uzito nao uhesabiwe. Every imeruhusiwa kubeba kilo 350, Probox kilo 400, na HiAce ya mizigo inafika tani moja. Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20, mtungi wa gesi wa kilo 6 ukiwa umejaa unapita kilo 12, betri, mbao, godoro, nguo na vifaa vya kazi vinafuata. Fundi wa friji mwenye kompresa mbili na mitungi yake ataona Every inachuchumaa mapema.

Hewa usiku

Hapa ndipo nilipo na msimamo mkali kuliko pengine pote. Upepo wa Malindi una ratiba inayojulikana: kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kati ya Desemba na Machi, kusi hushika kutoka kusini takriban Aprili hadi Septemba, na katikati yake huja siku za maleleji ambapo upepo hauna mwelekeo na usiku unakuwa mzito. Gari linaloweza kufunguka pande mbili zinazotazamana linaupokea upepo wowote kati ya hizo. Every ina milango ya kusukuma kushoto na kulia, pamoja na mlango wa nyuma. Ukiegesha ubavu ukikabili upepo, hewa inaingia huku na kutoka kule, ikipita juu ya mwili wako. HiAce iliyokuwa matatu ina madirisha ya vioo vya kusukuma pande zote mbili, na hilo, kwa hewa, ni neema. Probox hutegemea vioo vya milango yake minne na mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, ambao ukiuacha wazi umejiweka barazani, mbele ya kila apitaye.

Nyavu za mbu zishonwe kwa kipimo cha kila dirisha. Peleka kwa fundi cherehani kitambaa cha neti ngumu, mwambie apinde ukingo na kutia ndani yake sumaku ndogo kila baada ya upana wa kiganja; neti inakamata kwenye bati la mlango yenyewe, na asubuhi unaibandua na kuikunja kama leso. Hakikisha sumaku zinashika hata pembeni, chini ya bawaba, kwa maana mbu mmoja aliyepata tundu anatosha kuharibu usiku. Dawa ya mbu ya kuchoma isiwashwe ndani ya nafasi ndogo hivi, na jiko la makaa lisiingizwe kabisa hata likiwa limefifia, kwani hewa yake ya sumu haina harufu na imekwisha kuua watu waliolala.

Every na HiAce zina kasoro moja inayofanana, nayo haisemwi na wauzaji. Kwa kuwa injini iko chini ya viti, joto lake hubaki ndani ya gari kwa muda mrefu baada ya kuzimwa. Ukitoka Kilifi saa mbili usiku ukaegesha na kulala papo hapo, unalala juu ya jiko. Anayeishi ndani ya mojawapo ya hizi ajipangie kufika mapema, afungue milango, akale na kuzungumza na watu nje mpaka bati lipoe. Probox, injini yake ikiwa mbele, haina tatizo hilo kwa kiasi hicho, na huu ni ushindi wake halali.

Kutu

Gari la pwani hukaguliwa kuanzia chini. Lala chini ya gari kabla ya kutazama rangi. Bonyeza kwa kidole gumba kingo za chini za milango, kwa ndani, mahali maji ya mvua hutuama. Inua kapeti miguuni pa dereva. Pitisha mkono ndani ya upinde wa tairi la nyuma. Kisha gonga sakafu taratibu kwa mpini wa bisibisi ukisikiliza. Bati zima linalia, bati lililooza linajibu kwa sauti butu, na mara nyingine mpini unaingia. Rangi mpya nyeusi chini ya gari kuukuu inaweza kuwa kinga na inaweza kuwa kificho, kwa hiyo gonga hapo zaidi.

Katika kipimo hiki matatu iliyostaafu huwa dhaifu kuliko zote, hasa iliyofanya kazi pwani tangu ilipoingia nchini: imebeba abiria kumi na wanne kwa miaka, imesuguliwa kwa maji kila jioni, na sakafu chini ya mpira imekaa na unyevu huo. Bodi ya Every ni nyembamba, ikipata kutu haikawii, lakini nyingi zimeingizwa karibuni zaidi kwa sababu Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Muulize mwenye gari limekaa pwani muda gani, maana miaka miwili ya Nairobi si sawa na miaka miwili ya mstari wa mbele wa ufuo wa Silversands. Na wewe ukishalinunua, usiegeshe kwenye mstari huo kwa makazi. Barabara mbili tatu nyuma ya ufuo, nyumba na miti hukinga sehemu kubwa ya rasharasha za chumvi, na kuosha chini ya gari kwa maji baridi kila wiki wakati wa kusi kunaongeza umri wa gari kuliko rangi yoyote.

Mafuta na spea

Kwa makadirio ya kuhesabia, Every huenda kilomita 15 kwa lita, Probox 14, na HiAce ya petroli 9. Anayezunguka kilomita 600 kwa mwezi, basi, atanunua lita 40 kwa Every, 43 kwa Probox na 67 kwa HiAce. Zidisha kwa bei ambayo EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, hutangaza kila mwezi, inayoanza kutumika tarehe 15, na utaona kwamba Probox na Every hazipishani kwa jambo la maana, huku HiAce ikikula kama lita ishirini na tano juu yake. Fedha hizo, kwa mwenye kipato kidogo, ndizo zinazoamua. HiAce ya dizeli inapunguza pengo hilo, lakini nozeli zake zikichoka, ukarabati unaweza kumeza akiba ya mwaka.

Kwa spea Probox haina mpinzani. Hakuna gereji kati ya Malindi na Mombasa isiyoijua, na hata Marafa atapatikana mtu wa kuifungua. HiAce inafuata kwa karibu kwa sababu ya matatu. Every ina mafundi wachache zaidi, na kuna spea ambazo utazisubiri zitoke Mombasa au Nairobi. Gari likiwa ndiyo nyumba, kusubiri spea ni kukosa pa kulala, au kulala ndani ya gereji. Zaidi ya hayo rimu zake ni za inchi 12, mashimo huzitafuta, na kwenye sehemu za wazi za barabara kuu upepo wa kusi hukisukuma kigari hicho kirefu kwenda juu na chembamba kiasi cha kukulazimisha kupunguza mwendo. Barabara ya udongo ya kuelekea ndani wakati wa masika si yake, isipokuwa ile inayovuta kwa magurudumu manne.

Umeme, kivuli na minazi

Mahitaji ya lazima ni madogo: feni ya volti 12 inayotumia wati 20 kwa saa kumi za usiku ni wati-saa 200, taa na simu zinaongeza kama 40. Paneli ya sola ya wati 100, kwa jua la hapa, hurudisha kiasi hicho na kubakisha, na betri ya kawaida ya volti 12 yenye ampia-saa 50 inautosha usiku huo bila kushushwa chini ya nusu. Paneli hiyo inakaa juu ya paa la gari lolote kati ya matatu haya. Friji ndogo ni habari nyingine. Hiyo inadai paneli mbili au zaidi, na paa la HiAce ndilo linalozipokea bila kubanana.

Ugumu ni kwamba paneli inataka jua na mlalaji anataka kivuli. Usiifunge paneli paani moja kwa moja: iache iwe ya kuteremshwa, na waya wa mita tano au zaidi, ili gari likae chini ya mkilifi au mwembe na paneli ikae kwenye jua. Chini ya mnazi usiegeshe hata kwa saa moja. Nazi haitoi taarifa, na kioo cha mbele cha Every hakipatikani kila duka.

Kupika kufanyike nje, mlango ukiwa wazi, kwa sababu gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama sakafuni, mahali penye godoro lako.

Mahali pa kuegesha

Hakuna gari kati ya haya linaloondoa haja ya uwanja. Choo, maji ya kuoga na usalama vinapatikana kwa kukubaliana na mwenye kiwanja chenye ukuta au na familia yenye ua mpana, ukalipa kidogo kwa mwezi, na kiasi hicho kiingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo. Mgeni anayelala ndani ya gari kando ya nyumba za watu bila kujitambulisha huzua wasiwasi wa haki. Piga hodi kwanza, jitambulishe kwa mzee wa mtaa, eleza kazi yako; Malindi mtu aliyesalimia hulindwa na majirani. Kwa mwanamke aliye peke yake, ua wa familia ndio ningeshauri, nao hutangulia kuchagua gari. Every na Probox hupita langoni na kukaa pembeni bila kumzuia mtu. HiAce huhitaji ua mpana kweli, na madirisha yake mengi yanadai mapazia mazito ili heshima ya mwenyeji na ya mgeni isivunjike.

Kwa hiyo, mtu mmoja anayefanya mizunguko mifupi, akiwa na vifaa vyepesi na uwanja wa kudumu, ningemwambia anunue Every na aweke akiba ya spea tangu siku ya kwanza. Wawili, au mmoja mwenye vifaa vizito vinavyoingiza fedha ya kulipia mafuta, wachukue HiAce, lakini afadhali iliyokuwa ya mizigo kuliko matatu, na kama ni matatu, basi isiwe ya pwani. Probox inamfaa anayetembea zaidi ya anavyokaa, mwenye kwenda Mombasa na kurudi mara kwa mara, ambaye usiku wake mwingi ana pengine pa kulala. Kuifanya makazi ya kila siku sishauri, hata kwa bei nzuri.

Ukaguzi wa kununua uupange siku ya mvua kubwa ya Mei, ukiweza kusubiri, kwa sababu hakuna muuzaji anayeweza kuficha mpira wa mlango unaovuja saa hiyo. Ingia, funga milango, kaa robo saa na pitisha kiganja kwenye dari na pembe za madirisha. Kisha, kabla ya kutoa hata shilingi, linganisha namba ya chesisi na ile iliyo kwenye rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na kama ni matatu, kubaliana kwa maandishi nani atakayelipia kubadilisha matumizi yake kutoka gari la abiria kuwa la binafsi, kwa kuwa bima utakayokata itafuata kilichoandikwa humo, si godoro lililo ndani.